Shati la Kwenda Manaus

Habari ilimkuta Eudosia Curico akimpakulia mteja kichwa cha samaki. Ilikuwa Jumanne asubuhi, kibandani pake Leticia, karibu na mfereji unaotenganisha Kolombia na Brazili, na simu alikuwa ameibana kati ya sikio na bega kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Aliyepiga alikuwa Jucelino, kijana wa ng'ambo, wa Tabatinga, aliyepanga chumba kimoja kule Manaus na Arbey, mwana wa Eudosia. Jucelino alilia kwanza, ndipo akasema. Lori, pikipiki, mvua, jana jioni. Arbey hakufika hospitali akiwa hai.

"Haya," alisema Eudosia. "Haya, mwanangu. Asante kwa kupiga."

Akaiweka simu kando ya bakuli la chumvi, akamwongezea mteja mchuzi, akamuuliza kama anataka farinya. Mteja akataka. Akamnyunyizia ule unga wa muhogo juu ya mchuzi kama kawaida, akapokea pesa, akarudisha chenji bila kukosea. Foleni ilipokwisha akafunika sufuria, akamwambia msichana wa kibanda cha jirani: "Nikimbilie pale kijiweni, kamwite Tulio. Mwambie Arbey amekufa." Aliitamka kwa sauti ileile anayoagizia ndimu, hata msichana akasimama kidogo kuhakikisha amesikia vizuri.

Tulio, mumewe, alikuja na pikipiki yake ya abiria, kofia bado kichwani. Alimkuta mkewe anasugua sufuria. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Umelia?" alimuuliza.

"Bado," alisema Eudosia. "Nipishe hapo, nifagie."

&nbsp;

Mtaa ule haujui kufiwa kimyakimya. Kabla jua halijawa kali, nyumba yao ya mbao ilikuwa imejaa hadi ngazini. Viti vilitoka Kolombia, birika la kahawa lilitoka Brazili, maana nyumba ya Francineide iko upande wa pili wa mfereji na daraja lake ni ubao mmoja tu uliolalia matope. Francineide ndiye aliyemshika Arbey siku ya ubatizo, na tangu siku ile yeye na Eudosia hawajaitana majina. Ni komadre kwa komadre. Alivuka ubao huku akipiga ukelele, kandambili moja ikabaki mferejini.

"Mwanangu wa maji matakatifu! Wamemuua mwanangu! Komadre, tumebaki na nani?"

Eudosia ndiye aliyemshika, akamkalisha, akampa maji, akamtafutia kandambili nyingine. Wanawake wa jikoni walitazamana. Mfiwa anambembeleza mliaji, hiyo nayo ni mpya.

Kwa kuwa maiti haikuwepo, walifanya kama ifanywavyo mtoni: walilaza nguo. Meza ilifunikwa shuka jeupe, na juu yake Eudosia akatandika shati la samawati la mikono mirefu, lile ambalo Arbey alilivaa siku aliyomaliza shule, na suruali nyeusi, na viatu vyenye soksi ndani. Mishumaa ikawashwa kila pembe. Nguo hulala pale mpaka mwenyewe aletwe, au zenyewe zimfuate. Wazee wakaketi kuzizunguka, wakatoa dhumna zao, wakaanza kucheza kwa sauti ya chini, maana mkesha bila dhumna ni kumtukana marehemu.

Simu ya hospitali aliipokea Francineide, kwa kuwa Kireno ni chake. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa kana kwamba mwanamke wa upande wa pili anamwona, kisha akafunika simu kwa kiganja.

"Ni dada wa ustawi wa jamii. Anasema wanataka ndugu wa damu, aje kwa miguu yake, atie saini. Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Chumba cha maiti kimejaa, hawawezi kuweka zaidi."

"Asipotokea?" aliuliza Tulio.

"Jiji linamzika lenyewe. Mstari mmoja na wengine wasio na watu. Jeneza wanatoa, na namba."

"Na nguo?" aliuliza Eudosia. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa bila kuulizwa tangu watu wajae nyumbani.

"Nguo gani, komadre?"

"Muulize wanamzika na nguo gani."

Francineide akauliza, akasikiliza, akashusha simu polepole. "Shuka," alisema.

Eudosia alitazama lile shati mezani. Ukosi ulikuwa na kunyanzi upande mmoja. "Basi nitalipeleka mimi," alisema, akaenda kuweka pasi motoni.

&nbsp;

Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na mjadala wa mtaa ule huwa hauna mwenyekiti.

"Ndege!" alisema Bi Zoraida, mwenye duka la vocha, mwanamke ambaye hajawahi kupanda ndege lakini amewasindikiza wengi. "Unapandia Tabatinga, na kahawa haijapoa tumboni, uko Manaus."

"Na nauli anailipa kwa vifungo vya blauzi?" alisema mzee Leovigildo.

"Nitauza pikipiki," alisema Tulio.

Pikipiki ile ndiyo iliyoilisha nyumba pamoja na sufuria la samaki, na kila aliyekuwepo alijua. Mpwa wa Bi Zoraida akatazama kwenye simu yake, akatafuta, akatafuta tena. Kiti cha kwanza kilichokuwa wazi kilikuwa cha Jumamosi.

"Basi pikipiki imepona," alisema mzee Leovigildo. Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Mzee huyo alikuwa mpishi wa meli maisha yake yote, na uzee ulikuwa umemshusha nchi kavu kwa nguvu. Akajivuta mbele ya kiti. "Nisikilizeni mimi. Kuna meli ya machela. Hiyo naijua kama mke wangu, Mungu amrehemu. Unatundika machela yako darini, unalala, unakula, vyote viko ndani ya nauli. Inatoka kesho mchana. Lakini inabembea tu na mkondo, na Manaus utaiona Jumamosi. Na Jumamosi si Ijumaa."

"Sasa mbona unatuhadithia?" alisema Bi Zoraida.

"Ili mjue kwa nini nasema boti ya kasi! Hiyo inatoka kesho asubuhi, usiku kucha haisimami ila kushusha watu, Alhamisi jioni unashuka Manaus. Unakaa kwenye kiti kama uko sinema. Ubaya wake ni kiyoyozi. Mama Arbey, vaa soksi. Watu wanatoka mle wamekakamaa kama samaki wa barafu."

Alipolisikia neno lake mwenyewe akashusha macho, akashika dhumna zake. Eudosia alikuwa anapiga pasi mkono wa shati. "Nitavaa soksi," alisema.

Bakuli likazungushwa. Watu walitoa peso, wengine reali, mmoja akatoa kuku hai, ambaye Bi Zoraida alimnunua papo hapo ili naye aingie kwenye bakuli kama pesa. Ilipohesabiwa ilitosha boti ya kasi, mtu mmoja. Mume na mke wakatazamana juu ya kichwa cha Francineide.

"Nenda wewe," alisema Tulio. "Mimi kumvalisha sitaweza."

Alasiri ile Tulio alivuka kwenda Tabatinga kununua tiketi, akataja jina la mkewe na namba ya kitambulisho, akalipa, akarudi. Nyumbani nako ushauri ukawa mwingi kuliko viti. Usikae karibu na injini. Usishike mzigo wa mtu. Beba karatasi ya choo yako mwenyewe. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iko wapi? Ipo. Pesa zigawe, nyingine kwenye soksi. Manaus usimwambie dereva kwamba hujui njia.

Watu wote wale, wenye ndimi zote zile, hakutokea kati yao hata mmoja wa kutaja muhuri wa mpakani. Na ungeutajaje? Watu wa pale huvuka kwenda Brazili kununua sukari na mapaja ya kuku, kunyoa, kubatiza, kucheza dansi. Hakuna lango, hakuna kamba, hakuna askari wa kukuuliza unakwenda wapi na gunia lako. Eudosia mwenyewe alimzaa Arbey Tabatinga kwa sababu uchungu ulimkuta kwa komadre, na mkunga alikuwa nyumba ya tatu. Ndiyo maana Arbey alikuwa na karatasi za Brazili, na ndiyo maana alipata kazi Manaus. Kuingia Brazili, kwa watu wa mtaa ule, ni kama kuingia jikoni.

&nbsp;

Jumatano asubuhi gati linaloelea la Tabatinga lilikuwa linanesa kwa miguu ya watu. Boti ya kasi ilikuwa pale, nyeupe na nyembamba, injini zimeshaanza kunguruma. Mbele ya Eudosia walisimama vijana wa Kizungu wenye mikoba mirefu mgongoni, kila mmoja ameshika pasipoti na kijikaratasi ndani yake. Nyuma yake walikuwa Tulio na Francineide, mmoja amebeba blanketi, mwingine amebeba kilio.

Askari mezani alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alifungua begi kwanza. Akatoa viatu vya kiume, suruali, akaliinua shati la samawati kwa vidole viwili.

"Vya nani hivi, mama?"

"Vya mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Manaus."

Akarudisha shati begini. Alilikunja, lakini si kwa mkunjo wake. Eudosia aliona mkono wa shati ukipata kunyanzi.

"Kitambulisho. Haya. Na karatasi ya kuingia?"

"Ya kuingia wapi?"

"Brazili."

"Si niko Brazili?"

"Naona uko, mama. Nauliza umeingia lini."

Eudosia alifikiri, kwa sababu aliulizwa kwa upole na alitaka kumjibu sawasawa. "Leo alfajiri," alisema. "Na jana, kununua mishumaa."

Foleni ikacheka, kicheko cha watu wanaosubiri. Askari hakucheka. Alibonyeza mtambo wake, akaugeuza kidogo kana kwamba atamwonyesha. "Hapa hujawahi kuingia. Hata siku moja."

"Nimezaa Tabatinga."

"Basi mtoto yumo. Wewe humo."

Tulio akasogea. "Afande, huyu mama amefiwa. Anakwenda kumzika huyo mtoto."

"Poleni sana. Naapa ninawahurumia. Lakini nikimwachia mimi, kituo cha ukaguzi kule mtoni watamshusha. Boti itaenda, yeye atabaki kwenye jukwaa katikati ya maji. Nendeni mkagonge mihuri. Kwanza atoke kwenu, ofisi iko uwanja wa ndege wa Leticia. Halafu aje aingie kwetu."

Francineide akapenya mbele, leso mkononi. "Mimi ni shahidi! Namjua huyu tangu hatujaota matiti!"

"Wewe ni Mbrazili, dada?"

"Kukushinda wewe!"

"Basi wewe unaweza kupanda sasa hivi."

Francineide akashusha leso. "Mimi si ndugu wa damu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nilimshika tu kwenye maji."

"Boti inaondoka saa ngapi?" Tulio alimuuliza msichana wa tiketi.

"Saa mbili na nusu, baba. Nahodha hasubiri hata mamake."

&nbsp;

Ofisi ya uwanja wa ndege ilifunguliwa saa mbili kamili, na Eudosia alikuwa amesimama mlangoni na begi kifuani. Ofisa alipomwona uso ukamchanua.

"Mama wa mchuzi! Leo umetuacha na njaa?"

"Leo sipiki."

"Na kesho?"

"Kesho pia sipiki."

"Ah, basi nitakonda." Akachukua kitambulisho, akauliza anatoka nchini kwenda wapi, akaandika, akagonga. Hakuuliza zaidi, naye Eudosia hakuongeza. Alimtakia safari njema, na chombo cha pilipili ambacho huwa anamwekea pembeni kilimpita Eudosia akilini, akakumbuka kwamba hakukifunika.

Tulio aliendesha pikipiki kama mtu anayefukuzwa. Walivuka mpaka mahali palepale wanapovuka siku zote, na kama siku zote hakuna aliyewatazama.

Kwenye ofisi ya Tabatinga foleni ilifika barabarani. Zilikuwa familia zilizokuja kwa mto na kwa msitu kutoka nchi za mbali, watoto wamelalia mabegi, wanawake wameshika bahasha za plastiki. Tulio alimwendea mwanamume aliyekuwa mbele kabisa, akavua kofia.

"Kaka, samahani. Mke wangu ana dharura. Boti yake inaondoka."

"Kaka," alisema yule mwanamume, wala hakusema kwa ubaya, "sisi tumelala hapa. Wote unaowaona wana dharura."

Tulio akairudisha kofia kichwani. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, watu wachache nyuma, alimwita Eudosia kwa kidole, akampa nafasi yake mwenyewe, akaenda nyuma kabisa. Eudosia alimshukuru. Nafasi ile ilimsogeza, haikumfikisha.

Eudosia alipoketi mbele ya kompyuta, msichana wa ofisi alikuwa na kucha ndefu za pinki na alichapa kwa ncha za vidole.

"Madhumuni ya safari?"

"Kuzika."

Msichana akateremsha orodha kwenye kioo, akaipandisha tena. "Hiyo haipo, mama. Kuna utalii, kazi, masomo, matibabu, kupita njia. Kuna kumtembelea ndugu. Una ndugu anayeishi Manaus?"

"Nilikuwa naye."

"Awe hai, mama. Na anwani yake."

"Basi sina."

Msichana alisita, kucha juu ya herufi. Aliona aibu, ilionekana, lakini orodha haikuwa yake. "Naweka utalii. Ndiyo ya haraka kuliko zote."

"Weka hiyo."

Ndipo honi ya boti ikalia kutoka mtoni, ndefu, halafu nyingine. Tulio aliyekuwa mlangoni akapiga ukuta kwa kiganja. Eudosia hakugeuka. Mashine ikatema karatasi, muhuri ukashuka, na msichana akamkabidhi kwa mikono miwili, akasema kwa mazoea ya kazi: "Karibu Brazili."

&nbsp;

Gatini palibaki mafuta juu ya maji. Mwenye boti ndogo aliwaambia kwamba angeweza kuikimbiza boti ya kasi mpaka mji wa pili, kama wangefika mapema kidogo. Sasa itakuwa imeshapita huko. Boti ya kasi nyingine ni ya Ijumaa. Msichana wa tiketi alisema pesa hairudishwi, ila anaweza kuibadilisha iwe ya meli ya machela inayotoka mchana. Ile tofauti ya nauli je? Tofauti hairudishwi pia. Tulio akaanza kubishana, na sauti yake ikapanda, na watu wakaanza kukusanyika, mpaka Eudosia akamvuta shati.

"Badilisha," alisema.

Francineide alikuwa amempigia dada wa ustawi wa jamii. Alimwomba, akamwita mpenzi, akamwita malkia, akamtajia watakatifu. Alipomaliza akasema: "Anasema ataandika ombi wamweke mpaka Jumamosi. Anasema haahidi."

"Ni mtu mzuri," alisema Eudosia.

"Komadre, kwani huwezi kulia hata kidogo? Unanitisha."

"Nitalia. Nikimwona nitalia."

Mzee Leovigildo alikuja na machela kuukuu ya rangi ya zabibu, akapanda melini bila kumwomba mtu ruhusa, kama anayeingia kwake. Alimchagulia mahali mbali na choo na mbali na jiko, akafunga mafundo, akaning'inia mwenyewe kuyajaribu. Jumamosi si Ijumaa, na kila mmoja pale alilijua hilo.

"Bado utakwenda?" Tulio alimuuliza mkewe pembeni. Alimuuliza kwa upole, kama anayetaka kumpa njia ya kurudi nyumbani.

"Shati nimeshalipiga pasi," alisema Eudosia.

&nbsp;

Mtu akikuambia mto ule mkubwa unatuliza moyo, muulize kama aliusafiri akiwa na haraka. Kingo zake zilipita mbali, za kijani, zilezile. Chini ya dari machela zilibanana hivi kwamba jirani akijigeuza nawe unajigeuza. Eudosia alilitoa shati begini, akalinyoosha kwa kiganja pale askari alipolikunja vibaya, akalitundika kwenye kamba ya machela kwa kibanio alichoazima jikoni. Usiku lilipigwa na upepo, likamgusa uso. Hakulisogeza.

Kwenye kituo cha ukaguzi mtoni walipanda askari na mbwa. Aliyeshika karatasi yake aliisoma, akamtazama, akaisoma tena. "Mtalii," alisema.

"Ndiyo," alisema Eudosia.

Jirani yake wa kulia alikuwa binti wa Kizungu mwenye nywele fupi na Kihispania cha darasani, aliyeandika na kuchora siku nzima. Wa kushoto alikuwa bibi mwenye kasuku kwenye kapu, ambaye alisimulia ugomvi wa wakweze tangu machweo hadi kukapambazuka. Eudosia alimsikiliza, akaitikia panapostahili. Alipoulizwa shati ni la nani, alisema la mwanawe. Alipoulizwa yuko wapi, alisema anamngoja Manaus. Bibi akamsifu kwa kumpigia pasi mtoto mkubwa hivyo. "Wangu hata asante hawasemi," alisema.

Ijumaa, jua likiwa karibu na utosi, meli ilikaribia mji wa Tefé. Tangu walipoondoka simu zote zilikuwa zimekufa kwa kukosa mtandao. Sasa zikafufuka kwa pamoja, machela kwa machela, zikilia na kutetemeka hadi kasuku akaanza kuzijibu. Watu wakacheka, wakasomeana salamu. Simu ya Eudosia ililia mara moja. Alitafuta miwani, akaipata, akasoma ujumbe wa Jucelino.

*Mama, wamemzika saa nne asubuhi, hawakungoja saa sita. Yule dada alijaribu, ombi halikukubaliwa. Nilikuwepo mimi na wachimbaji. Namba nimeiandika. Nimepanda kijiti na nimefunga utepe mwekundu ili kaburi lisipotee. Nisamehe mama.*

Akausoma mara ya pili. Kisha akaandika kwa kidole kimoja: *Asante mwanangu. Umekula?* Akatuma. Akavua miwani.

Kengele ya jikoni ikagongwa. Watu wakashuka kwenye machela zao, wakapanga foleni na sahani, naye akapanga. Alipewa wali, maharage, kipande cha kuku, na farinya akajinyunyizia mwenyewe. Alikula akiwa amesimama kwenye ubavu wa meli, kwa kuwa benchi lilijaa. Alikula vyote. Alisafisha mfupa, akakwangua sahani, akaisuuza kwa maji ya ndoo, akairudisha mahali pake.

Binti wa Kizungu alikuwa amesimama karibu, anapiga picha mji unaosogea, vibanda juu ya magogo, watoto wakirukia maji. Akamgeukia kwa uso wa kirafiki.

"Mama, na wewe ni mara yako ya kwanza kuingia Brazili?"

Eudosia alifikiri kabla ya kumjibu.

"Ndiyo," alisema. "Mara ya kwanza."

"Unaionaje?"

"Kubwa," alisema Eudosia.

Akarudi kwenye machela yake. Akalitungua shati kwenye kamba, akafunga vifungo vyote mpaka cha kooni, akalikunja mikono kwa nyuma kama yanavyokunjwa ya dukani, akaliweka begini chini kabisa, chini ya viatu. Kile kibanio akakirudisha jikoni.